Lichess: Kukutanishwa na Mtu wa Saizi Yako

Kwa miaka mingi nimecheza drafti kwenye kijiwe kimoja cha Magomeni, kwa kete za vizibo vya soda, na sheria ya pale ni ile ile ya vijiwe vingi vya Dar es Salaam: mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwingine. Kwa sheria hiyo, mgeni anayeketi kwa mara ya kwanza hukutana moja kwa moja na fundi wa siku hiyo, akafungwa ndani ya dakika tatu na kuinuka bila kuelewa alipokosea. Nilipoanza kucheza sataranji mtandaoni kupitia Lichess, miezi minane iliyopita, kilichonivutia kuliko yote ni namna huduma hiyo inavyomtafutia kila mchezaji mtu wa saizi yake, tena kwa sekunde chache.

Lichess ilianzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis. Ni ya bure, haina matangazo na inaendeshwa kwa michango. Anayejiunga huanza na kiwango cha pointi 1500 kilichowekewa alama ya kuuliza, na alama hiyo ndogo ndiyo ninayoisifu zaidi. Kanuni inayotumika, Glicko-2 ya mtakwimu Mmarekani Mark Glickman, haitunzi kiwango chako peke yake, bali hutunza pia kipimo cha mashaka, yaani ni kwa kiasi gani kiwango hicho bado hakijaaminika. Mashaka yakiwa makubwa, pointi hupanda na kushuka kwa kasi, yakipungua, hutulia. Katika mchezo wangu wa kwanza nilifungwa nikapoteza zaidi ya pointi 100 kwa mpigo, nikadhani programu imeharibika. Baada ya michezo kumi na kitu nilikuwa nimetua karibu na 1200, na siku hizi matokeo dhidi ya mtu wa kiwango changu hunisogeza kwa pointi 5 au 6 tu. Alama ya kuuliza huondoka pale kipimo cha mashaka kinaposhuka hadi 110, na ukikaa muda mrefu bila kucheza mashaka hukua tena, jambo ambalo naliona ni la haki kabisa.

Msingi wa hesabu hizi ni wa Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Milwaukee, Marekani, ambaye utaratibu wake ulipokewa na shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, mwaka 1970. Kwa hesabu yake, anayemzidi mwenzake kwa pointi 200 anatarajiwa kuvuna takribani robo tatu ya alama zinazogombaniwa. Kwa hiyo akishinda huongezewa kidogo, na akifungwa na aliye chini yake kwa pointi hukatwa nyingi. Mdogo wangu, ambaye hucheza michezo ya video ya kupigana kwa vikosi, hulalamika kwamba hushushwa daraja kwa uzembe wa wenzake, na hoja yake ina uzito: hesabu ya Elo ilitungwa kwa watu wawili, na kumpima mtu mmoja ndani ya timu kulihitaji mbinu nyingine, kama TrueSkill ya Microsoft.

Mpya ajue mapema kwamba akishafika mahali pake atafungwa karibu nusu ya michezo yake, kwa sababu kila anapoimarika hupewa mpinzani mgumu zaidi. Asilinganishe pia pointi zake za hapa na za FIDE, wala za michezo ya dakika tatu na za dakika kumi, maana kila aina ina hesabu yake. Ucheleweshaji mdogo wa mtandao hufidiwa kwenye saa ya mchezo, lakini mtandao ukikatika kabisa, kama ulivyonikatikia ndani ya mwendokasi kabla ya kufika Kimara nikiwa mbele kwa malkia mzima, saa huendelea kukimbia.

Mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja alikuwa akilia kila namba iliposhuka, hivyo niliingia kwenye mipangilio nikamfichia viwango vyote. Programu inaendelea kumletea watoto na wazee wa saizi yake bila yeye kuiona namba, na sasa akifungwa huniita tuurudie mchezo hatua kwa hatua, tukitafuta mahali farasi wake alipopotelea.