Kaunta buku ya kwaya 3 kwa mihtasari ya vikao: ipi ya kununua, na namna ya kuiandaa

Kwa katibu wa kikoba, SACCOS au kampuni ndogo, kaunta buku ya kwaya 3 (kwaya ni kipimo cha wingi wa kurasa) bado ndilo daftari bora la mihtasari, mradi iwe imeshonwa kwa uzi. Iliyogandishwa kwa gundi isinunuliwe hata ikiwa rahisi.

Dukani usiishie kutazama jalada, maana yote ni magumu na yote yanapendeza. Tazama mgongo kwa juu. Iliyoshonwa huonyesha mabunda madogo ya karatasi zilizokunjwa, na ukifungua katikati ya bunda unauona uzi. Ya gundi huonyesha karatasi zilizokatwa zikapangwa bapa. Tofauti hii ina uzito kuliko bei. Karatasi ya gundi huchomoka bila kuacha alama, na hapo ndipo azimio la mkopo linapopotea bila mtu kujua. Kwenye iliyoshonwa, ukichana karatasi moja, pacha wake wa upande wa pili wa bunda hulegea. Wizi unajitangaza wenyewe.

Kwaya 3 ni kurasa 288. Ukitenga 4 za mwanzo kwa yaliyomo, kikao cha kila wiki kinachochukua kurasa 3 kitakufikisha vikao 94, yaani karibu mwaka mmoja na miezi kumi. Kwaya 2, yenye kurasa 192, itaisha baada ya vikao 62 hivi. Kwaya 4 ni nene mno: kurasa za mwanzo na za mwisho hazilali, na mkono huteleza kwenye ukingo wakati wa kuandika.

Kasoro zake zipo. Nyingi hazina namba za kurasa, na hilo ni pengo kubwa kwa kitabu cha kumbukumbu. Andika namba zote 1 hadi 288 kwa kalamu kabla ya kikao cha kwanza, kisha kwenye jalada la ndani andika idadi ya kurasa, mwenyekiti na katibu watie saini. Karatasi nayo ni nyepesi. Kalamu ya jeli hupenya upande wa pili, na maji yakiingia wino wake husambaa. Biro ya kawaida hustahimili zaidi.

Kosa jingine si la mtengenezaji bali la watumiaji: kuandika humo moja kwa moja mjadala unapoendelea. Mazungumzo hunaswa kwenye daftari dogo la rasimu. Kwenye kaunta buku huingia muhtasari safi, na uandikwe ndani ya saa 24, kabla kumbukumbu haijafifia.

Piga mstari wima sentimita 3 kutoka ukingo wa kulia, juu yake uandike "Mhusika na tarehe". Safu hiyo ndiyo inayolifanya daftari lifanye kazi. Ukiandika "suala la mabati lilijadiliwa", kikao kijacho kitabishana upya kuanzia mwanzo. Andika hivi: "Kikao kiliazimia kununua mabati 40 ya geji 30", na kwenye safu: "Mweka hazina, 14 Juni". Unapoandaa ajenda inayofuata, unateremka na kidole kwenye safu, na yatokanayo yote, yaani mambo ya kufuatilia kutoka kikao kilichopita, unayo. Hakuna haja ya kuandika nani alisema nini, isipokuwa aliyetoa hoja na aliyeiunga mkono pale kura ilipopigwa. Fedha ziandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Idadi ya wajumbe waliohudhuria iandikwe mwanzoni pamoja na akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe, inayotakiwa na katiba yenu, kwa sababu bila akidi maazimio yote yanaweza kupingwa.

Ukikosea, futa kwa mstari mmoja ili neno lisomeke bado, kisha weka herufi za jina lako na tarehe. Wino mweupe wa kufutia usiguse daftari hili. Nafasi inayobaki kati ya sentensi ya mwisho na saini izibwe kwa mstari wa mshazari, maana nafasi tupu ni mlango wa kuongeza azimio ambalo halikupitishwa. Saini huwekwa kikao kinachofuata, baada ya muhtasari kusomwa na kuthibitishwa.

Kwa bodi ambazo mihtasari yake huchapwa na kutumwa kwa barua pepe, kifaa hiki hakifai. Kubandika karatasi zilizochapwa ndani yake hufanya mgongo uvimbe hadi uzi ukatike. Heri faili la pete.

Inapojaa, kwenye ukurasa wa mwisho andika: "Limefungwa tarehe fulani, linaendelea Daftari Na. 2", saini mbili chini yake, kisha ihifadhiwe kabatini mbali na sakafu, ambako unyevu na mchwa huanzia.