Laktulosi ya maji: chupa inasema dawa ya choo, mi nasema soma tena

Mzee wangu anatumia hii dawa mwaka wa pili sasa, ana sirosisi, yaani ini limejaa makovu, na ini likifika hapo linashindwa kuisafisha amonia, ile sumu inayotoka hasa kwa bakteria wa tumboni wakivunja protini, basi inapita na damu mpaka kwenye ubongo. Kabla ya dawa tulikuwa tunaona vituko vya kila aina, mchana kutwa kalala, usiku yuko macho anapanga viatu sebuleni, anakuuliza swali lile lile mara tano, mwandiko umekuwa kama wa mtoto wa chekechea, ukimwambia anyooshe mikono mbele viganja vinapigapiga kama mbawa. Sisi tukasema uzee huo.

Tulipopewa chupa ya kwanza, aliyetukabidhi dawa alituambia maneno mawili tu, "dawa ya choo", na kweli hata kwenye boksi maandishi makubwa ni ya kukosa choo. Sasa mzee akawa anapata choo vizuri kabisa, na sisi kwa akili zetu tukaona kazi imeisha, tukaiweka kabatini. Siku ya tatu asubuhi hakunijua mimi ni nani. Mwanae wa kwanza!! Ndo tukakimbia naye hospitali na huko daktari mwingine akatukalisha chini, akatueleza kitu ambacho kingetakiwa kuelezwa siku ya kwanza.

Ni hivi. Laktulosi ni sukari ya kutengenezwa, galaktosi na fruktosi zimeunganishwa, utumbo mdogo hauwezi kuivunja kwa hiyo inafika utumbo mpana kama ilivyo, bakteria wa kule wanaila wanatoa asidi, na kwenye asidi hiyo amonia inageuka kuwa amoniamu ambayo haipenyi kirahisi kurudi kwenye damu, inanaswa humo humo na inatoka na choo. Kwa hiyo choo laini hapa sio usumbufu wa dawa, ndo njia yenyewe ya kuitoa sumu mwilini. Madaktari wanaitumia kwa kazi hii tangu miaka ya 1960 alafu mpaka leo watu wanapewa bila maelezo, inaniuma.

Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima mwenye shida ya amonia ni ml 30 mpaka 45, mara 3 au 4 kwa siku, ila hizo namba ni za kuanzia tu. Unachofuata ni choo: laini, mara 2 au 3 kwa siku. Kikipungua unaongeza, kikizidi unapunguza, na daktari wetu alituruhusu kupanda na kushuka wenyewe ndani ya mipaka aliyotuandikia (msijipandishie tu kwa sababu mmesoma hapa). Tumetundika daftari mlangoni mwa choo, kila akitoka inaandikwa. Mwanzoni aliona aibu sana, mtu mzima kuhesabiwa haja, nikamwambia baba, bora niihesabu haja yako kuliko nikutajie jina langu kila asubuhi. Akacheka, akakubali.

Tulishawahi kuzidisha pia. Akaendesha mara nane siku moja, maji yakaisha mwilini, potasiamu, yale madini ya kwenye damu, ikashuka, akaanza tena kuchanganyikiwa, na hapo ndo pa hatari maana ukimwangalia unadhani amonia imepanda, mkono unaenda kwenye chupa kumwongezea! Namshukuru mama alisema subirini, tazameni daftari kwanza. Akiharisha hivyo usiongeze, piga simu.

Utamu wake sasa. Ni tamu mpaka inakera, nzito, inanata kila inapogusa, kizibo kikikauka unahitaji koleo. Tunaichanganya na maji au juisi, ananyanyua anakunywa yote mara moja, ukimwacha anywe kidogo kidogo hamalizi. Ikibadilika rangi kidogo ikawa nyeusi nyeusi ni kawaida, ila usiigandishe. Gesi ipo, wiki mbili za kwanza tumbo linaunguruma kama pikipiki na hewa inayotoka tusiizungumzie, baadaye inatulia. Mwenye kisukari amwambie daktari maana ndani mna sukari nyingine kidogo zimebaki, na aliyezaliwa na galaktosemia, yaani mwili wake hauwezi kuitumia galaktosi, haimfai kabisa. Na usitegemee leo kunywa leo kupona, huchukua siku moja au mbili.

Baada ya kuzidiwa mara ya pili aliongezewa vidonge vya rifaksimini mg 550 asubuhi na jioni, vinapunguza bakteria wenyewe, lakini ya maji haikuondolewa, zinakwenda pamoja. Kingine, tulikuwa tumemkatia protini kwa kuogopa amonia, tukakatazwa, misuli nayo inasaidia kuiondoa kwa hiyo mgonjwa akikonda ndo anazidi kuumia.

Kuna mtu aliniuliza kama inafaa kwa mtoto wake aliyezaliwa na hitilafu ya mzunguko wa urea, yaani mwili unashindwa tangu kuzaliwa kuigeuza amonia kuwa urea ya kutoka na mkojo. Hao tatizo lao ni lingine na wana dawa yao ya maji, gliseroli fenilbutireti, hiyo inatoa naitrojeni, ile inayotengeneza amonia, kupitia mkojo, sio choo. Msiazimane chupa kwa sababu tu zote zinatajwa na amonia.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa ajili ya kunata na yale maandishi ya kwenye boksi. Siku hizi daftari la mlangoni anajaza mwenyewe, jana kaandika "2, laini, saa nne" na herufi zimenyooka mstarini, mama kalipiga picha lile karatasi kawatumia ndugu zake wote, wanashangaa wametumiwa nini.