Nilitoa dola 420 kwa kilengeo cha upinde

Mke wangu alikichukua kile kiboksi, akakisogeza chini ya taa ya jikoni, akauliza: "Baba Neema, hiki kichuma ndicho dola mia nne?" Nikamwambia ni mia nne na ishirini, kodi bado. Hakuongeza neno. Ukiwa mtu wa Mang'ola unayeishi Minnesota, Marekani, kimya cha namna ile unajua kinahesabu nini: milioni na ushei za Kitanzania, mabati ya kumalizia nyumba ya mama.

Sasa nimekitumia misimu miwili ya kuwinda kulungu, na naona naweza kukisema bila kukionea wala kukipamba.

Nianze na asiyezijua hizi pinde. Wangu ni kampaundi, ule wenye magurudumu juu na chini. Kuuvuta ni pauni 60, lakini ukifika mwisho wa kuvuta magurudumu yanabeba asilimia 80 ya mzigo, mkononi unabakiwa na pauni 12 hivi. Hapo ndipo unapopata nafasi ya kutulia na kulenga. Kilengeo kinafungwa mbele ya mshikio: ni duara lenye pini ndani yake, ncha za pini zinang'aa kwa nyuzi za plastiki zinazokusanya mwanga, na chini ya duara kuna pimamaji ndogo, ndugu yake ile ya waashi, ya kukuonyesha kama umeulaza upinde upande. Unachungulia kwenye kitundu kilichofungwa katikati ya uzi, unaiweka pini juu ya shabaha, unaachia.

Kilengeo changu cha kwanza nilikinunua dola 45. Plastiki tupu, pini tatu: yadi 20, 30 na 40. Kiangazi kizima kilinipigia vizuri. Ikaja Oktoba, niko kwenye dungu nililofunga mtini, futi 15 hivi kutoka chini, kulungu jike akatokea yadi 22 akanipa ubavu. Nikaachia. Mshale ukapita juu ya mgongo, ukajichimbia kwenye majani makavu nyuma yake. Nilishuka nikauchomoa, safi kabisa, hata unyoya haukushika. Nilishukuru kwamba sikumjeruhi, maana mnyama aliyejeruhiwa ukalala bila kumpata ni mzigo mzito kuliko kumkosa.

Nyumbani nikatoa alenki. Pini ya yadi 20 ilikuwa inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Mtikisiko wa mishale mia kadhaa ulikuwa umelegeza skrubu, pini imeteremka karibu sentimita nzima. Pini ikishuka, wewe bila kujua unainua upinde ili uirudishe juu ya mnyama, na mshale unakwenda juu. Piga hesabu uone: kutoka jichoni hadi kwenye pini ni kama sentimita 80. Kwa yadi 20, kila milimita moja pini inayohama inauhamisha mshale sentimita 2 na kidogo. Kwa yadi 50 ni karibu 6. Sentimita nzima ilitosha kabisa kumruka yule kulungu.

Basi kwa hasira nikaenda kununua cha dola 420. Usinunue kitu kwa hasira. Kilikuwa kizuri, sitaki kusema uongo: alumini iliyochongwa, hakuna kinachocheza, pini moja tu inayopanda na kushuka kwa gurudumu la pembeni lenye utepe wa namba za yadi. Unarekebisha kwa vidole, mlio wa kiki, kiki, kiki, bila spana. Pale pale dukani wakaniongezea stabilaiza ya dola 130, ile fimbo yenye uzito mbele ya upinde. Nilitoka dukani kama bwana harusi.

Jumamosi iliyofuata nikaenda uwanja wa shabaha. Vichwa vya mazoezi, zile ncha za mshale zisizo na wembe, yadi 20: mishale inakusanyika ukubwa wa ngumi. Raha. Nikabadilisha, nikafunga vigumba vya kuwindia, vyenye wembe tatu. Upinde ule ule, yadi zile zile, mishale ikahama kiganja kizima kwenda kushoto, na kila mmoja na njia yake. Nikazungusha kile kilengeo cha dola 420 hadi vidole vikauma. Nikikisogeza kufuata vigumba, vichwa vya mazoezi vinaharibika. Nikirudisha, vigumba vinakimbia.

Palikuwa na mzee mmoja mstaafu aliyekaa akinitazama, nadhani alinihurumia. Akabandika karatasi kwenye fremu ya mbao, akanisimamisha hatua mbili tatu kutoka pale, akasema piga. Mshale unaoruka sawa unapaswa kuacha tundu moja dogo na alama tatu za manyoya kulizunguka. Wangu uliichana karatasi upana wa vidole viwili kwenda pembeni. Kwa maneno mengine, mshale ulikuwa unaondoka kwenye upinde umekaa upande, kama gari lililopinda chesisi. Kichwa cha mazoezi hakina mabawa, manyoya ya nyuma yanawahi kuunyoosha. Kigumba chenye wembe kina mabawa yake mbele, nacho kinauvuta kule kinakotaka.

Akageuza mshale akasoma namba ubavuni: 500. Namba ile inapima mshale unapinda kiasi gani ukitundikiwa uzito katikati, kwa sehemu za elfu za inchi. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo mshale unavyokuwa mlaini. Kwa upinde wa pauni 60 na mikono yangu mirefu, 500 ilikuwa ufito. Nilihitaji 400 au 340. Aliyeniuzia mara ya kwanza hakunipima hata mkono. Nikanunua dazeni ya 340 kwa dola 110, fundi akasogeza kidogo kishikio cha mshale, pale mshale unapolala kabla ya kuachiwa, na karatasi ikatoa tundu moja.

Nilicheka peke yangu garini. Nimekulia kando ya Ziwa Eyasi, tumelima vitunguu jirani na Wahadzabe, na nimeshaona mara ngapi mwanamume amekaa motoni na ufito wa mshale: anaupasha, anaukunja kwa meno mpaka unyooke, anafumba jicho moja anaukagua, anaurudisha motoni. Nusu siku inaishia kwenye mishale. Upinde wenyewe hauna kilengeo hata cha kusingiziwa. Nami nilikuwa nimeweka dola 420 kwenye kulenga na dola 50 kwenye mishale ya kuokoteza.

Baada ya hapo nilifanya jaribio nililopaswa kufanya tangu mwanzo. Nikafunga kile cha plastiki tena, safari hii skrubu zote nimezipaka ile gundi ya buluu ya kuzuia kulegea, nikapiga mishale 30 kwa yadi 20. Kisha 30 kwa kile cha bei. Ungenifunika macho nisingejua ipi ni ipi. Kwa yadi 50 ndipo tofauti ikaonekana: pini nyembamba haifuniki shabaha yote, na badala ya kukisia kati ya pini ya 40 na hewa, unaweka gurudumu kwenye 50 kamili. Yaani kama unacheza mashindano ya kulenga sanamu za wanyama wa plastiki, au unawinda nyika za magharibi ambako mnyama anakuona toka mbali, hiyo pesa itakurudia. Mimi msituni sijawahi kupata nafasi ya mbele ya yadi 35, matawi hayaruhusu.

Mahali pengine kilipostahili ni jioni. Minnesota sheria inaruhusu kupiga kulungu mpaka nusu saa baada ya jua kuzama, na zile dakika 15 za mwisho ndizo wanazotoka. Cha plastiki kina uzi mfupi wa kukusanya mwanga. Ikifika saa ile pini inakuwa kijiti cheusi juu ya mnyama mweusi. Hiki kina uzi mrefu umezungushwa nyuma ya duara, pini inabaki kijani hadi muda unaisha. Hilo silipunguzi hata senti.

Ila kina ila yake, na dukani hakuna aliyeniambia. Pini moja maana yake ni umbali mmoja. Novemba dume alikuja yadi 20, nikavuta, akatembea hadi kama 33 akasimama. Gurudumu bado linasoma 20. Kuligusa ni kulegeza upinde, na kulegeza upinde ni kutikisika. Tulitazamana, akaenda zake. Pini tatu za dola 45 zingenipa jibu bila kusogeza kidole.

Stabilaiza niliiuza, msituni ilikuwa inagonga matawi tu. Kishikio kinachodondoka mshale unapotoka, dola 120, nimekaa nacho na sijutii. Kuhusu vile vilengeo vyenye kipima umbali ndani yake, kama Xero ambayo Garmin waliitoa 2018, nimekishika cha mwenzangu: unabonyeza, kinapima, kinawasha pini ya umbali ule. Ajabu kweli. Ilipotoka, toleo lake la juu lilikuwa karibu dola 1,000, na majimbo mengine hayataki kifaa cha umeme kwenye upinde wa kuwindia, kwa hiyo soma kitabu cha kanuni kabla hujatoa kadi.

Leo ningeanza upya, mishale sahihi na fundi wa kuupima upinde vingekuja kwanza, halafu kilengeo cha chuma cha pini tatu, dola 120 hadi 150, au cha bei kubwa kilichotumika. Wawindaji wa huku hubadilisha vifaa kila mwaka, na Februari wanaviuza nusu bei vikiwa havina mkwaruzo.

Kile cha plastiki sikukitupa. Kiko kwenye upinde wa mpwa wangu, skrubu zimekaa kwenye gundi, na kila moja ina mstari wa rangi ya kucha ya mke wangu, ili ikisogea tu aione. Juzi ameniuliza, "Mjomba, na mimi nitanunuliwa lini kile cha gurudumu?" Nimemwambia akiweza mishale mitano kwenye sahani kwa yadi 40, tutazungumza.