Nilimpeleka mama aonje chai ya baridi yenye gesi, tukapewa ya moto na dharau juu

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa nikisema litapoa. Halijapoa.

Ni ile chai ya kopo yenye gesi, ladha ya pichi, ambayo siku hizi ukiingia madukani hapa mjini huikosi. Jina naliacha, maana ugomvi wangu si na walioitengeneza, au tuseme si wao hasa.

Kwanza niseme ukweli: mara ya kwanza niliipenda sana. Ilikuwa kwenye sendofu ya binti wa jirani kule Nyegezi, jua linachoma, mtu akanipa kopo alilolitoa kwenye deli lenye barafu, linachuruzika maji mpaka kiganja kikafa ganzi. Kufungua tu, harufu ya pichi ikatangulia, nikajua ni soda kama soda nyingine. Halafu chai ikaja nyuma. Chai kweli, na ule ukakasi wake unaobaki pembeni mwa ulimi kama umekunywa chai ya rangi iliyolazwa na majani. Kabla ukakasi haujakukera, gesi inapita inausafisha. Nchi yetu inalima chai Mufindi, Rungwe, Lushoto, hata hapo ng'ambo ya ziwa upande wa Bukoba, lakini sisi tumezoea kuinywa ikiunguza midomo. Sikuwahi kufikiri chai inaweza kukata kiu saa nane mchana Mwanza. Nilikunywa makopo mawili, nikarudi nyumbani nawaza: mama lazima aonje hii.

Mama anakaa Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 ndugu zetu wengi wanapita kule, kilomita 3 tu umeshavuka, lakini yeye bado anapenda pantoni ya Kamanga kwa sababu inamshusha mjini kabisa. Siku hiyo alishuka jua liko utosini, kikapu mkononi, kanga imemgandia mgongoni kwa jasho. Nikamwambia, "Mama, kabla ya yote nikununulie kitu cha baridi." Tukaingia duka moja si mbali na gati.

Kijana wa kaunta ameinamia simu. Mama ndiye aliyeanza: "Hamjambo humu?" Mama yangu, miaka sabini na kitu, ndiye aliyemsalimia mtoto yule! Shikamoo haikutoka. Aliitikia kwa kidevu. Nikaomba makopo mawili ya chai ya pichi. Sasa nyie mnajua, Mwanza hii hata kibanda chenye kreti moja la soda kitakuuliza, "Ya baridi au ya moto?" Yule hakuuliza. Akayatoa kwenye shelfu, akayabamiza juu ya kaunta, akasema elfu sita. Nikatoa hela. Kuyashika, moto. Na si ule moto wa kitu ambacho hakijawekwa kwenye friji. Shelfu ile inapigwa na jua la dirishani, kopo lilikuwa kama kikombe ambacho uji umetoka kunyweka sasa hivi.

Nikamwambia kwa upole, "Samahani mdogo wangu, tubadilishie ya baridi." Friji iko nyuma yake, taa inawaka, imejaa maji na soda. Akasema chai haziwekwi kwenye friji. Basi chukua hizi, tupe maji. Akasema ameshatoa risiti. Ndipo mama akauliza, kwa sauti yake ile ya taratibu, "Kwani mwanangu, hii ni chai ya namna gani?" Akamtazama juu mpaka chini, kanga, kikapu, ndala. Akasema, "Bibi, hii si ya watu wa kwenu. Dada, ungemnunulia maji tu."

Watu wa kwenu! Na maji yenyewe tumeyaomba sasa hivi akakataa! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mpaka mama akanishika mkono akasema tuondoke.

Tukakaa kivulini, Jiwe la Bismarck liko mbele yetu pale majini. Nilipofungua, povu likaruka likamwagikia kanga ya mama. Gesi haitulii kwenye kitu cha moto, inatoka yote kwa mkupuo, na kinachobaki ndani ni maji ya sukari. Ile pichi iliyonukia Nyegezi sasa ilikuwa inanuka dawa ya kikohozi ya watoto. Ukakasi umegeuka uchungu. Na utamu ule, jamani! Siku ya kwanza sikuuona, baridi iliuficha. Nimeanza kujiuliza kama siku ile nilipenda chai au nilipenda barafu.

Kwa hiyo msinunue.

Hapana, ngoja. Mama alimaliza kopo lake. Kidogo kidogo, kama anavyokunywa chai yake ya tangawizi alfajiri, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga, akasema, "Inanukia kama embe dodo, ila ulimini ni chai. Ingekuwa ya baridi ingekuwa nzuri." Hakumtaja yule kijana hata mara moja. Mimi ndiye niliyeshindwa kumeza.

Basi ikiwa ya baridi, ya kuchuruzika maji, inyweni, ni nzuri, nasimama na mama. Ikiwa ya moto, hata mkipewa bure msiipokee. Na waliotengeneza nao nawalaumu, nimebadili mawazo: kama bila barafu hainyweki, waandike hivyo kwenye kopo kwa herufi kubwa, na wasimpe mzigo mwenye duka asiyetaka kuweka hata makopo matano kwenye friji. Duka lile sikanyagi tena. Elfu sita zangu wakae nazo, ila neno lile alilomwambia mama bado nalidai.

Mama anakuja tena mwezi ujao. Anayejua duka, iwe Kirumba, Igoma au popote mjini, linaloziweka kwenye baridi kweli na muuzaji wake anasalimia wazee, naomba anielekeze.