Uzamili wa uhandisi wa fedha nikiwa Tabora: nilivyochagua na ninavyouona

Kama hesabu hukuzipenda shuleni, fani hii itakutesa. Jina "uhandisi wa fedha" linawavuta watu wa biashara na uhasibu wakidhani ni MBA iliyovalishwa suti mpya. Siyo. Ni hisabati, takwimu na kuandika programu, vyote vikilenga bei na hatari: hatifungani hii (karatasi ya kuikopesha serikali au kampuni) ithaminiweje, mkopo huu una uwezekano gani wa kutolipwa, fedha zigawanywe vipi ili soko likiyumba zisiteketee zote. Mimi shahada yangu ya kwanza ni ya takwimu, na bado kozi ya hesabu za mambo ya nasibu, yaani yanayobadilika bila kutabirika kama bei za soko, ilinitoa jasho.

Kwa kazi ni ofisa mikopo, hapa Tabora mjini. Wateja wetu wengi, moja kwa moja au kwa kuzunguka, wanakula kutokana na tumbaku. Bei ya tumbaku inatajwa kwa dola, mkulima anatumia shilingi, na mbolea anakopeshwa miezi mingi kabla ya soko kufunguliwa. Shilingi ikiyumba hapo katikati, kuna mtu anaumia. Sisi tunaopanga marejesho tulikuwa tunakadiria kwa macho tu. Hilo ndilo lililonisukuma kutafuta masomo haya, na ndilo lililoamua nisome wapi. Anayetaka kazi kwenye benki za New York atachagua tofauti, na atakuwa hajakosea.

Nilianza na majina makubwa ya vyuo vya Marekani kama wote tunavyoanza: Columbia, Carnegie Mellon, Berkeley. Karo zao zinahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola, hapo hujalipa chumba, bima wala viza. Kipo Baruch, chuo cha umma cha New York, ambacho ni nafuu zaidi na kinasifika sana, ila nafasi zake zinagombewa na watu wa dunia nzima. Sehemu kubwa ya unachokilipia kule ni kuwa karibu na kampuni zinazokuja kuajiri. Mimi niliyepanga kubaki Tabora ningelipia mlango nisioupita.

Karibu na nyumbani, Chuo Kikuu cha Cape Town kina uzamili wa hisabati ya fedha. Halafu kuna AIMS, taasisi ya hisabati iliyoanzia Afrika Kusini mwaka 2003, ambayo ina kituo Kigali na inatoa ufadhili wa masomo. Kutoka hapa unapita Nzega, Kahama, unatokea Rusumo, mpakani na Rwanda. Kijana aliyemaliza chuo juzi, hana mtoto wala mkopo wa nyumba, ningemwambia aombe AIMS kabla hata hajamaliza kusoma maneno yangu haya. Si uhandisi wa fedha mtupu, lakini msingi wa hisabati unaoupata pale utakubeba popote. Mimi nina watoto wawili na mwajiri asiyetoa likizo ya masomo, kwa hiyo niliiacha.

Niliishia WorldQuant University. Ni chuo cha mtandaoni chenye makao Marekani, uzamili wake wa uhandisi wa fedha ni wa miaka miwili, na hakitozi karo. Nilipoona hakuna karo nilidhani ni matapeli, nikaenda kutafuta ithibati yake kwanza: kimeidhinishwa na DEAC, chombo cha Marekani kinachoshughulikia elimu ya masafa. Kuingia unafanya mtihani wa hesabu: kalkulasi, aljebra ya mstari, uwezekano, takwimu. Ukishaingia, kazi karibu zote ni kwa Python, lugha ya kuandika programu.

Bure hapa maana yake ni karo tu. Muda utaulipa. Tenga saa ishirini kwa wiki, na uzitenge usiku. Kila kozi ina kazi za kikundi, na kikundi ni watu ambao hamjawahi kuonana. Nimewahi kupangwa na mmoja wa Lagos na mwingine wa Mumbai. Saa nne usiku yangu, wa Mumbai kwake imeshapita saa sita. Wa Lagos alikuwa mashine, wa Mumbai alitokea siku ya kukabidhi. Bando nalo ni gharama, na umeme ukikatika huku mtaani kwetu Ipuli unamalizia kazi kwa hotspoti ya simu na betri iliyobaki kwenye laptop. Ukiwa mtu wa kusukumwa na mwalimu aliyesimama mbele yako, tafuta chuo cha kukaa darasani.

Faida niliiona kazini mapema kuliko nilivyotegemea. Mwenyekiti wa SACCOS moja (chama cha akiba na mikopo), mzee wa makamo ya baba yangu, alikuja ofisini akitaka kununua hatifungani ya serikali ya miaka 20 kwa akiba za wanachama. "Mwanangu, serikali si inalipa tu?" Nikamwambia, "Inalipa, mzee wangu, ila wanachama wakitaka hela zao katikati itabidi muiuze." Nikafungua kompyuta. Tuchukue hatifungani ya milioni 100, riba asilimia 10 inayolipwa mara moja kwa mwaka. Kesho yake soko likianza kudai asilimia 12, hakuna atakayelipa bei kamili kwa inayotoa 10: ile ya miaka 20 inauzika kwa takriban milioni 85. Ya miaka 2 inauzika kwa milioni 96 na nusu hivi. Mzee aliitazama ile 85 kwa muda, akaomba nimwandikie kwenye karatasi apeleke kwenye kikao. Walinunua, lakini waligawa: kiasi kwenye ndefu, kilichobaki kwenye fupi.

Tatizo langu na fani yenyewe ni kwamba fomula zake, kuanzia ile maarufu ya Black na Scholes ya 1973 ya kukokotoa bei ya haki ya kununua au kuuza hisa baadaye, zinachukulia kwamba soko linauza na kununua bila kupumzika. Kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam kuna hisa zinazokaa siku kadhaa bila kuguswa. Ukichukua bei hizo na kuzitupia kwenye fomula, utapata jibu lenye desimali nzuri ambalo halina maana. Kazi ya kurekebisha fomula zifae soko la namna hiyo unajifunza mwenyewe.

Ukiamua kuomba, wasiliana kwanza na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) uulize utambuzi wa shahada za nje zinazosomwa mtandaoni, hasa kama unalenga ajira serikalini. Na hakikisha jina la kwenye cheti cha chuo linafanana na la pasipoti au kitambulisho cha taifa cha NIDA. Langu lilikuwa na herufi moja zaidi, ikabidi niende kwa wakili kuapa kabla chuo hakijapokea nyaraka zangu.