Mshumaa wa nta ya nyuki: kuchovya au kumimina kwenye kalibu?

Nta ni ileile kwa njia zote mbili: ichujwe kwa kitambaa na iyeyushwe ndani ya chombo kilichowekwa kwenye sufuria ya maji. Usiibandike motoni moja kwa moja. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na ikipita 85 rangi huanza kuharibika.

Kuchovya kunafaa mishumaa myembamba, kama ile Waorthodoksi wanayosimika kwenye mchanga mbele ya picha takatifu. Shusha utambi wa pamba iliyosukwa kwenye nta ya nyuzi 70 hivi, utoe mara moja, usubiri dakika mbili tatu, urudie. Ukiona tabaka la mwanzo linateleza, nta ina moto mno; ukiona vinundu, imepoa. Tatizo ni kina: chombo cha sentimita 30 kwa upana wa 12 humeza zaidi ya kilo 3 za nta, hata kama unataka mishumaa miwili tu.

Kalibu haina ulafi huo. Mshumaa wa sentimita 25 wenye unene wa 2 hula gramu 75 tu. Ila nta hunywea ikipoa na kuacha shimo kando ya utambi, kwa hiyo bakiza kidogo ya kujazia. Ukiharakisha kuipoza, itapasuka.

Kwa mshumaa wa Pasaka, chagua kalibu bila kusita: msalaba, Alfa na Omega, tarakimu za mwaka na chembe tano za ubani vinahitaji uso ulionyooka.