Injini ya Boti Iliyoliwa na Kutu Ndani: Ununue Nini Kwanza, Nini Mwisho

Boti iliyotumika ikiuzwa kwa maneno ya "injini imekaa tu muda mrefu, ikiguswa inawaka", ihesabu kama boti isiyo na injini, na bei mpatane kwa msingi huo. Kitakachookolewa baadaye kiwe faida ya mnunuzi. Chaguo zilizo hapa chini zimepangwa kwa ajili ya injini za ndani, hasa za petroli. Mashine za kufunga nyuma ya boti zina lao, tutalifikia.

Kabla ya kununua chochote, jua kutu imefika wapi

Toa plagi zote. Plagi yenye kutu ya kahawia kwenye ncha inakuonyesha silinda iliyoingia maji. Pitisha kamera ndogo ya waya kwenye tundu lake uangalie kuta za silinda, uso wa pistoni na vikalio vya valvu za ekzosi. Utando wa rangi ya chungwa unaofutika kwa kitambaa hautishi. Madoa meusi yenye vishimo ndiyo mabaya, na mabaya zaidi yakiwa mahali ringi (pete za pistoni) zinapopita, kwa sababu kila mzunguko ringi itakwaruzwa hapo na kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) itavuja. Vuta pia kijiti cha oili: oili ya rangi ya maziwa maana yake maji yameshuka hadi kwenye beringi za kranki (mhimili mkuu wa injini), na beringi huharibika kabla silinda hazijafa.

Injini ikizunguka, pima kompresheni: plagi zote nje, umeme wa plagi umezimwa, throto wazi kabisa. Silinda yenye kipimo cha chini zaidi isipungue asilimia 75 ya ile yenye kipimo cha juu zaidi. Ikipungua, mimina kijiko kimoja cha oili ndani yake upime tena. Namba ikipanda, tatizo ni ringi au ukuta. Isipopanda, valvu haikai vizuri kwenye kikalio chake, jambo la kawaida sana pale maji yalipoingilia upande wa ekzosi.

Na mara nyingi huko ndiko yanakoingilia. Manifoldi za ekzosi na viwiko vyake ni chuma cha kumimina chenye njia ya maji na njia ya moshi, ukuta mmoja katikati. Kwenye maji ya chumvi, bila mfumo wa maji baridi wa mzunguko wa ndani, ukuta huo huliwa kwa miaka 5 hadi 7 hivi. Ukitoboka, maji hutiririka taratibu hadi kwenye valvu iliyobaki wazi injini ilipozimwa. Kwa hiyo, chaguo lolote utakalochukua, weka manifoldi mpya, viwiko vipya na gasketi mpya kwenye hesabu. Injini mpya juu ya manifoldi chakavu ni injini ya msimu mmoja.

1. Injini iliyotengenezwa upya ya boti, bloku pamoja na hedi

Hii ndiyo tunayoiweka juu kwa wanunuzi wengi. Unapata bloku iliyochongwa, kranki, pistoni, kamshafti, hedi na valvu, vyote vimefungwa na vina dhamana. Unahamisha vifaa vyako vya pembeni tu. Hakikisha ni ya boti: plagi za bloku (vizibo vya matundu yake, si plagi za cheche) ziwe za shaba na gasketi za hedi zinazostahimili chumvi. Kwenye boti yenye injini mbili, uliza mwelekeo wa mzunguko, maana huenda moja inazunguka kinyume.

Wengi hukwama kwenye ulinganifu. GM V8 ya lita 5.7 ilibadilishwa sili ya nyuma ya kranki mwaka 1986, na flaiwili (gurudumu zito la meno linalofungwa kwenye kranki) ya zamani haikai kwenye kranki mpya. Hedi za Vortec, zilizoanza 1996, zina bolti 8 za manifoldi ya hewa badala ya 12, kwa hiyo manifoldi yako ya zamani haitafunga. Soma namba zilizochongwa kwenye bloku kabla ya kuagiza. Uliza pia kuhusu injini ya kurudisha: wauzaji wengi hudai bloku lako la zamani, na lililopasuka au kutobolewa na kutu hulikataa, nawe unapoteza amana.

2. Kuokoa injini iliyopo

Ni ya gharama ndogo kuliko zote, ila inafaa kwa kutu nyepesi pekee. Changanya asetoni na oili ya ATF (ya giaboksi otomatiki) kwa kiasi sawa, tikisa kila unapomimina kwa sababu hutengana, kisha weka takriban mililita 50 kila silinda. Asetoni hushika moto upesi. Fungua chumba cha injini kipate hewa, na betri iwe imetenganishwa. Acha siku 3 hadi wiki nzima ukiongeza kinachopungua. Kisha sukuma kranki kwa spana ndefu, nyuzi chache mbele, chache nyuma. Kurudi nyuma tumia meno ya flaiwili, kwani bolti ya puli inaweza kufunguka. Usitumie stata kuilazimisha: konekting rodi hupinda au ringi huvunjika.

Ikizunguka, funika matundu ya plagi kwa matambara uzungushe kutoa majimaji, badilisha oili yote na filta. Washa dakika 10 hadi 15, badilisha tena ikiwa moto, rudia mpaka oili itoke safi. Pima kompresheni baada ya saa chache za kazi, kwani ringi zilizoganda wakati mwingine huachia. Zisipoachia, hamia chaguo la 1.

3. Nusu injini (bloku, kranki na pistoni bila hedi), au kuchonga bloku lako

Huu ni uamuzi wa karakana. Vishimo vinavyokamata ukucha haviondoki kwa kusugua. Silinda huchongwa hadi inchi 0.030 zaidi, na pistoni mpya za saizi hiyo. Vikizidi, hutiwa laina. Hedi nazo lazima zikaguliwe, na hapo gharama hukaribia chaguo la 1 bila dhamana yake.

4. Injini mpya kabisa

Nzuri, ila inalipa tu ikiwa bodi, ukuta wa nyuma na shafti ya propela bado ni imara.

5. Injini iliyotumika kutoka boti nyingine

Usiinunue bila kuisikia ikiwaka na bila namba za kompresheni.

6. Injini ya gari

Iache. Kamshafti na gasketi si za boti. La hatari zaidi ni stata, alteneta na pampu ya mafuta za gari: hazijazibwa dhidi ya cheche, na mvuke wa petroli hukaa chini ya sakafu ya boti.

Dizeli na mashine za nyuma

Kwenye dizeli, angalia kiwiko cha ekzosi, na uulize kama injini iliwahi kusumbuka kuwaka. Ukizungusha stata muda mrefu bila kuwaka, pampu hujaza ekzosi maji mpaka yanarudi kwenye silinda. Kwenye mashine ya nyuma yenye mipigo miwili, kutu kwenye beringi za kranki inatosha kukataa, hata silinda ziking'aa. Zungusha flaiwili kwa mkono huku plagi ziko nje. Ukisikia mkwaruzo, nunua sehemu nzima ya juu iliyotengenezwa upya.